Akinyamaza, Ameridhia

Kasulu,
8 Oktoba 2023

Dada Kuruthumu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya bwenini imenipa mafua. Mama hajambo? Duka la vitenge hapo Kibondo linaendaje?

Nimesikia utaolewa na Lukmani tarehe ishirini na saba. Dada, likizo niliona. Anakushika kiuno mbele ya wateja, nawe unacheka. Ndivyo ulivyokuwa ukicheka marehemu baba akianza kufoka, ukimkimbizia maji ya kunawa ili asimpige mama. Watu walikusifu kwa upole. Mimi nilikuwa uvunguni, nikiona miguu yako inavyotetemeka.

Mwalimu wa dini ametufundisha kwamba binti akiulizwa kama ameridhia kuolewa, akanyamaza, kimya chake ni idhini. Nimeogopa. Wewe hunyamaza siku zote. Baba mdogo akija kukuuliza, tafadhali sema hapana.

Mdogo wako,
Firdausi

Kibondo,
14 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, nami nipo tu. Kunywa maji ya moto na limau.

Uliyoandika ni kweli. Akinigusa, mwili huwa kama wa mtu mwingine, nimeachiwa niutunze. Naogopa uso wake ukibadilika, kwa hiyo nasema sawa hata kabla hajaomba. Nimechoka, Firdausi.

Lakini Lukmani anataka ndiyo, nawe unataka hapana. Najikuta natafuta namna ya kuwafurahisha wote wawili.

Dada yako

Kasulu,
20 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Nisamehe, nilikuamuru. Wewe mwenyewe unataka nini?

Mdogo wako

Kibondo,
29 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yamepona?

Ijumaa baba mdogo aliingia na mashahidi, akaniuliza. Nikanyamaza. Akatabasamu, akageuka kutoka. Ndipo nikasema, "Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama nataka. Nipeni muda."

Shangazi Tunu akashika kichwa. "Mungu wangu! Na pilau lote lile ale nani?"

Niliomba radhi kwa kila mtu, hata wapishi, huku nikicheka kile kicheko changu. Lakini neno langu sikulirudisha. Lukmani ameondoka bila kuaga, na mama hasemi nami. Nimelala tu tangu juzi, kama mtu aliyetoka kulima.

Sijui kama nimefanya vizuri. Tafadhali, na wewe usiniambie.

Dada yako,
Kuruthumu