Muganga Niliyempokea kwa Jembe

Muganga,

Sikuandikii ili nikuambie upumzike. Wengine walikuambia hivyo makaburini, tena kwa kipaza sauti, na mimi sikuitikia. Ulikuwa na miaka hamsini na miwili, na wagonjwa walikuwa wamejaa barazani wakikungoja. Nani aliwaambia unataka kupumzika?

Nina hasira, na hasira zangu nimezoea kukuletea wewe.

Ulipoanguka kwenye kolido, fishi, ile kadi ya mgonjwa, ikiwa bado mkononi, tulidhani umeteleza. Baadaye wakasema ni presha. Wewe uliyepima presha za watu kuanzia hapa Rumonge mpaka Nyanza-Lac, ya kwako hukuipima. Siku ya mazishi mzee mmoja mwenye suti akatikisa kichwa akasema, "Mganga hajigangi," na watu wakacheka kidogo. Nikasimama na koti langu la zamu, lile ninalovaa nikilinda lango la hospitali. Nikamwambia hukujiganga kwa sababu kila ulipokaa chini kula, mmoja wetu alibisha mlango, na yeye mwenyewe alibisha mara tatu wiki ile kwa kikohozi cha sigara. Shangazi yako akanivuta nguo nikae. Sikukaa.

Najua ungeniambia, "Mama Dorika, acha matata." Siachi.

Na hata mimi simo katika wasafi. Unakumbuka tulivyokutana? Ndiyo kwanza tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, mimi na Dorika wa miaka mitatu, na Kiswahili changu cha kambini. Homa ikampanda, macho yakapinduka. Majirani wakaniambia, "Mupeleke kwa muganga, mutoto anaisha." Mimi nikasikia mganga. Kule nilikokulia, mganga ni mtu wa tunguri na kuku mweusi, na aliyekwenda kwake alitengwa kanisani. Aliyetupima homa, sindano mkononi, tulimwita daktari. Nikafunga mlango, nikapiga magoti siku mbili, nikamwacha mwanangu aungue kwa sababu ya neno moja.

Jirani akakufuata. Ukaja kwa baiskeli, umelowa jasho, nami nikakusimamia mlangoni na jembe. Nikakuambia mimi ni mtu wa kanisa, mganga haingii humu. Ukalitazama jembe, ukanitazama mimi, ukasema, "Mama, weye unasema muganga gani? Mimi niko wa sindano. Kuku yako ukae nayo." Ndipo nikaiona ile mipira ya kusikilizia moyo shingoni mwako. Nilitupa jembe, nikalia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni.

Kesho yake ulirudi. Na kesho kutwa. Dorika aliposimama ukanipa kazi ya lango, ukasema wenzangu waliorudi kutoka Tanzania watakusikia vibaya mpaka lini, nikae pale niwaeleze muganga wa huku ni nani. Nimewaeleza miaka tisa. Miaka tisa nimekufungulia asubuhi na kukufungia jioni, na neno la asante sikukuambia hata siku moja. Nilidhani kufungua lango kunatosha. Hilo ndilo linaloniuma, Muganga, kupita hata kifo chenyewe.

Sasa sikia yaliyotokea.

Wametuletea mwingine, msichana, anaitwa Aline. Ni mwembamba, anaongea polepole, na mikono yake haitetemeki. Watu wakaanza: "Kale katoto ndo muganga?" Wengine walimwona wakageuza njia na kurudi nyumbani. Mwezi wake wa pili hapa wakamletea mzee mmoja mvuvi, ngiri imemkaza, wamekaa naye nyumbani siku tano wakimkanda mawese ya moto tumboni. Aline alimpasua, akahangaika naye mchana kutwa, mzee akafa. Ndugu zake wakaja langoni wakapiga kelele: "Katoto kametuulia muzee." Hakuna aliyewauliza zile siku tano.

Asubuhi iliyofuata nikamwona anakuja na valisi ya nguo zake. Nje kulikuwa na pikipiki ya kumpeleka kwenye gari la Bujumbura.

Nikafunga lango kwa kufuli. Ufunguo nikautia kifuani.

Mkubwa wa hospitali akatoka akaniamuru nifungue. Nikakataa. Akasema atanifukuza kazi. Nikamwambia anifukuze, ila nikimaliza kusema. Nikamgeukia yule binti, nikamwambia muganga wa kwanza kufika kwangu nilimpokea na jembe, na kesho yake alirudi. Nikamwambia mtoto aliyemwokoa sasa ana miaka kumi na miwili, ananishinda kusoma na kunijibu. Nikamwambia yule mzee aliuawa na siku tano, na kama ndugu zake hawataki kulisema hilo, mimi nitalisema hapa langoni kila siku mpaka koo likauke.

Nyuma yake kulikuwa na wanawake wa foleni. Mmoja wa wale wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, akasimama, akamshika Aline mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, "Murakoze, muganga." Kisha mwingine. Bibi mmoja akamshukuru kwa jino lililokuwa linamtesa, na jino hilo uliling'oa wewe. Hakuna aliyemsahihisha. Wengine waliinama tu, nadhani kwa aibu, na aibu hiyo waliistahili kama mimi. Mwenye pikipiki akachoka kungoja, akaondoka amenuna. Aline akakaa kwenye benchi langu, akalia kidogo, akajifuta, akauliza nani wa kwanza.

Sikujua kama amebaki, au amekosa usafiri tu. Wiki tatu nimekuwa nikiitazama ile valisi kupitia dirisha la chumba cha wageni anakolala, haijafunguliwa. Sijafukuzwa, ila mkubwa hanisalimii, nami sina haja.

Leo asubuhi kaja langoni kabla ya wagonjwa. Kaniambia, "Mama Dorika, unitafutie nyumba. Iko na jikoni, na pahali pa kupanda mboga za lengalenga." Nimemjibu sawa, kama mtu aliyeulizwa saa. Halafu nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, nikakulilia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nyumba nimeshaipata, Muganga. Kesho nakwenda kuifagia.

Kwaheri, baba. Wewe tulikuimbia ukiwa ndani ya sanduku, na kosa hilo sitalificha kwa maneno mazuri. Nakuahidi jambo moja tu: huyu tutamshukuru masikio yake yakiwa bado yanasikia.

Mimi,
Mama Dorika, zamu wako