Simu ya Mama Yako Imewaka

Yamilka,

Maharage ya jana yapo jikoni, yapashe kabla umeme haujakatika. Mimi nimewahi kibandani, wateja wanangoja simu zao. Simu ya marehemu mama yako ~~usiiguse mpaka nirudi~~ isikilize, usinisubiri.

Asubuhi niliipaka bodi yake spiriti, nikaipa umeme kidogo. Sehemu moja ikapata moto, ikakauka kabla ya nyingine: hapo ndipo penye shoti. Nikang'oa kidude kama punje ya mchanga, simu ikawaka. Wewe uliyesema nimeshaiua, haya!

Ujumbe wa mwisho wa sauti alionirekodia humo sikuwahi kuufungua. Leo nimeufungua.

“Evelio, zima jiko, maharage yanaungua!”

Mwanangu, niliinuka mbio nikazime. Jiko lilikuwa baridi.

Baba