Kitabu cha Vipande vya Risasi

Dodoma

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza,

Vumbi la huku limenigeuza Mgogo, na mboga yao ya mlenda nauvuta kama mzaliwa. Nimekuwa mfasiri! Daktari Mjerumani ana kitabu cha Kitaliani cha vipande vya madini ya risasi, mfano wa pesa, vya Warumi wa kale. Nilimwambia Kitaliani nilijifunza ubahariani. Kumbe nasoma picha zake tu. Penye suke nasema, “Hiki cha kupokelea nafaka, bwana.” Penye mchezaji, “Cha kuingilia ngomani.”

Jana akamwita Mtaliani wa reli anikague. Kiboko kikaanza kuniwasha mgongoni hata kabla sijachapwa! Jamaa akafunua kurasa taratibu. “Sahihi kabisa,” akasema.

Nje akaninong'oneza, “Ndugu, kusoma sijui; na mimi naangalia picha tu.”

Mungu akutunzie meno, uzidi kunicheka.

Mumeo, Juma