Zamu ya Kulalia Mayai

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Bokoli mimi ni mzima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Unauliza kama nimewahi kuona kiota cha yule ndege wa zambarau mwenye kishungi chekundu. Nimekiona. Nilipokuwa kibarua Kitale, bila mtu wa kuongea naye, ndege wawili walijenga juu ya mkuyu karibu na kibanda changu. Lo, kiota gani kile! Vijiti vichache tu, hata mayai unayaona ukiwa chini. Lakini hayakuachwa peke yake. Mmoja hakwenda kula matunda mpaka mwenzake afike kumpokea. Nilikuwa nawatazama mpaka ugali wangu unapoa.

Tangu nyanya yako atuache, boma hili nalilinda peke yangu. Wewe utakuja lini kunipokea?

Babu yako