Nilizilainisha Helmeti Saba, Sasa Napigiwa Makofi

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, ila kwanza nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, maana uliwahi kuandika mwenyewe kwamba barua nyingine huwa unamsomea mumeo mkiwa mnakunywa chai, na aibu niliyo nayo inanitosha bila kuongezewa ya mumeo.

Mimi ni fundi wa makochi na viti vya magari. Nina miaka hamsini na moja, mke mmoja, watoto watatu, tumbo la wastani na kichwa kikubwa. Hilo la kichwa silisemi kwa majivuno. Tangu shule ya msingi naitwa Sufuria, na wapo watu wazima wenzangu ambao wakiulizwa jina langu halisi watabaki wanakuna videvu.

Sasa, katika umri ambao wenzangu wanaanza kufuga kuku, mimi nilianza mbio za magari. Usinielewe vibaya, si zile za milimani na kona kali. Zetu ni za Jumapili mchana kwenye uwanja wa ndege wa zamani ambao ndege haitui tena, magari mawili yanasimama sambamba, bendera inashuka, mnakanyaga mafuta mita mia nne moja kwa moja, basi, hakuna kona, hakuna ufundi mwingi, ndiyo maana hata mimi naweza. Katika miaka minne nimeshinda mara mbili, na mara moja kati ya hizo gari la mpinzani wangu liligoma kuwaka.

Mwaka jana viongozi wetu wakatangaza kwamba asiye na helmeti hakimbii. Ukaguzi wenyewe ni mshika bendera kukugonga kichwani kwa kifundo cha kidole: ikilia ko, unapita. Nikaenda dukani. Dada muuzaji akanipa kubwa kuliko zote zilizokuwa rafuni, nikaivuta, ikakwama kwenye paji la uso kama kifuniko cha chungu kingine. Nyuma yangu walikuwepo wateja wawili, na yule dada, kwa sauti ya huruma iliyosikika mpaka barabarani, akasema, "Baba, zipo kubwa zaidi ila tunaagiza. Njoo nikupime kichwa." Akatoa utepe. Mshauri, mimi utepe wa kupimia hulala shingoni mwangu kama tai, lakini siku hiyo niliukimbia kama sindano ya hospitali. Nikasema hii hii inatosha, ni nywele tu zinazuia. Mimi nina upara.

Nikaenda nayo kwenye kibanda changu cha ufundi. Nikabandua kitambaa cha ndani, na chini yake nikakuta ile nyeupe ngumu, nyepesi, kama ile inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Sasa naomba unielewe hapa, maana ndipo nilipopotelea. Katika kazi yetu, ukifungua kochi la mtu ukakuta kitu cha namna hiyo, unajua fundi aliyelitengeneza alikuwa mwizi, kaweka takataka pahali pa sponji. Basi nami nikasema moyoni, kumbe hata wenye viwanda ni wale wale. Nikachukua kisu, nikaichonga ile nyeupe pande zote mpaka ikabaki nyembamba kama ganda la yai, nikajaza sponji laini ya daraja la kwanza, nikashonea kitambaa kizuri chenye mistari. Nikaivaa. Kichwa kikalala kama kwenye mto wa bibi harusi. Hata ile namba ya kichwa changu, niliyojipima mlango ukiwa umefungwa na ambayo nitabaki nayo mwenyewe, ilikoma kunisumbua.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, dereva wa gari la mikate, naye ni mkimbiaji mwenzangu. Akaijaribu. "Shem, we mchawi! Yangu inanibana mashavu mpaka naongea kama samaki. Nifanyie na mimi." Nikamfanyia. Mwalimu wa hesabu akaiona ya shemeji, akaleta ya kwake, wakafuata wengine wanne. Zikawa saba. Mwalimu hata akanitania mbele ya watu, "Sufuria, miaka yote hii tulidhani kichwa chako ni kikubwa bure, kumbe kimejaa akili."

Wiki sita zilizopita shemeji alimaliza mita zake mia nne, akafunga breki, gari likavuta upande mmoja, likazunguka, likajigonga ubavu kwenye rundo la matairi lililopangwa mwishoni mwa uwanja. Hakukuwa na mwendo mkubwa. Mlango haukubonyea sana. Lakini tulimtoa anamuita mke wake kwa jina la mama yake, na siku mbili nzima hakumkumbuka binti yake wa mwisho. Sasa anakumbuka, yuko nyumbani, ila mwanga unamuumiza, pazia linafungwa mchana kutwa, na kichwa kinamgonga kila asubuhi.

Siku ya nne nikarudi kwenye lile duka nimnunulie helmeti mpya kama pole. Safari hii juu ya kaunta walikuwa wameweka helmeti iliyokatwa katikati kama tikiti, ili wateja waone ndani. Nikamuuliza yule dada, kwa utani kabisa, "Na hii takataka nyeupe mnaijazia ya nini?" Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza moyo ni wa nini. "Baba, hii nyeupe ndiyo helmeti. Hilo ganda la nje ni koti tu. Ukigonga, hii inapondeka ili kichwa kisipondeke. Sponji haisaidii kitu, inabonyea mara moja kichwa kinafika ukutani." Nikamwambia asante. Nikatoka bila kununua. Nikakaa ndani ya gari langu mbele ya duka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama naumwa.

Ningekuwa mtu, ningeenda moja kwa moja kwa shemeji. Sikwenda. Jumamosi yake ukoo ukakusanyika nyumbani kwake kushukuru kwamba amepona, na yeye, amevaa miwani myeusi sebuleni, akaninyooshea kidole akasema, "Mniulize mimi. Bila helmeti ya shemeji leo mngekuwa mnagawana mashati yangu." Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akanishika mikono yote miwili na kunibariki. Na mimi, mshauri, nilisimama. Nikainamisha kichwa, hiki hiki kikubwa, kama mtu mnyenyekevu, nikasema, "Ni kazi ya Mungu." Nilimsingizia Mungu.

Helmeti yenyewe ameiweka juu ya kabati la televisheni, na anasema akipona ataivaa tena, ina baraka. Na kama hiyo haitoshi, sifa zimesambaa, wiki ile ile watu watatu wapya wakaniletea helmeti zao nizilainishe. Nikazipokea. Hilo ndilo linaloniamsha. Sijazigusa, nimewaambia sindano ya cherehani imevunjika, lakini nilizipokea, na sindano hiyo sasa imevunjika wiki ya tano. Mke wangu ameanza kushangaa. Juzi alikuwa anafagia kibandani, punje nyeupe za nilichochonga zikamganda kwenye sketi, akazipangusa hazitoki, akaniuliza, "Baba watoto, hizi ni za nini?" Nikamwambia ni za kiti cha mgeni mmoja hivi. Akaendelea kufagia.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu tunakimbia tena. Mwalimu atakuwepo, na wengine wanne. Nimewaza nizichukue moja moja kimyakimya, niseme nabadilisha kitambaa, kisha nizirudishie ile nyeupe kwa gundi bila mtu kujua. Au niseme ukweli kwa wengine, ila shemeji nimwache na imani yake mpaka apate nafuu, maana ukweli nao unaweza kumuumiza kichwa. Nifanye nini? Na wakati tuko hapo, unisaidie pia namna ya kuchagua helmeti, kwa maana ni wazi sijui.

Ni mimi,
Sufuria, Fundi wa Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wangu, barua yako nimeisoma peke yangu kama ulivyoomba. Mume wangu kanisikia nacheka nilipofika kwenye upara wako, akaja mbio; alipofika nilikuwa nimeshafika kwa shemeji yako, sicheki tena. Nimeirusha juu ya barua kumi na moja zilizotangulia. Wenyewe watanisamehe, ndoa zao zitasubiri wiki moja. Jumapili yako haisubiri.

Kuchonga ulichonga kwa kutojua. Kosa hilo ni kubwa ila lina huruma yake. Hata mimi niliwahi kufua koti la sufu la mume wangu kwa maji ya moto nikidhani namfanyia wema, na sasa linamtosha mwanasesere. Lakini tangu siku uliyoiona helmeti iliyokatwa, kutojua kwako kuliisha. Makofi yale uliyapokea ukijua. Helmeti tatu ulizipokea ukijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umewazidi: unaficha maradhi ya wenzako, kifo kimuumbue mwalimu wa hesabu.

Hilo wazo la gundi litupe, na usilitamke mbele ya mtu mwingine nisije nikaona haya kwa niaba yako. Iliyochongwa haichongoki kurudi.

Sasa nisikilize. Leo, kabla hujala, nenda kwa shemeji. Usitume ujumbe, usimtangulize mkeo. Ila mkeo mwambie kwanza, mlangoni, ukiwa umevaa viatu, kwa sababu punje zile zimeshamwambia nusu. Mwambie shemeji hivi: "Helmeti haikukuokoa. Niliiharibu mimi. Kichwa chako kilipata pigo zaidi ya tulivyodhani." Usimwambie kwa sababu roho yako inakuuma, roho yako ni ya mwisho kwenye foleni. Mwambie kwa sababu maumivu ya wiki sita na kuogopa mwanga ni mambo ya daktari, na daktari wake anadhani mgonjwa alikuwa amevaa helmeti nzima. Mpeleke mwenyewe hospitali, na umueleze daktari ulichokichonga. Unasema ukweli utamuumiza kichwa. Kichwa kinamuuma tayari, baba. Na ukinyamaza atakivisha tena sponji.

Huenda akakufukuza. Mama mkwe huenda akairudisha ile baraka. Vumilia, uliichukua kwa mkopo.

Kisha wale watano, wote, kabla ya Jumapili, uso kwa uso. Usiwaombe wakuelewe, waombe helmeti. Una mkasi wa kukatia ngozi: kata kamba ya kidevuni ya kila moja mbele ya macho yao, na ya shemeji, na ya kwako, ili hata anayeokota jalalani asiivae. Zile tatu ambazo hujazigusa warudishie wenyewe zikiwa nzima, na uwaambie kwa nini sindano yako ilivunjika. Na mshika bendera aambiwe kwamba kifundo cha kidole hakioni ndani. Akague ndani.

Umeniuliza kuchagua. Mimi gari langu huwa nalisukuma kuliko kuliendesha, hivyo nimempigia simu mzee mmoja aliyekagua magari ya mashindano miaka ishirini. Kasema helmeti huchaguliwa kwa utepe, si kwa macho. Zungusha juu kidogo ya nyusi mpaka pale kichwa kinapochomoza nyuma, ndiyo saizi. Ikiwa mpya inapaswa kubana kichwa chote na kusukuma mashavu. Hiyo ya kuongea kama samaki ndiyo iliyokaa sawa, shemeji yako alikuwa nayo nzima ukamharibia. Itikise: ngozi ya uso icheze pamoja nayo. Funga kamba, mtu aivute kutoka nyuma kwenda mbele; ikichomoka, si yako. Ikiumiza pahali pamoja tu, hasa kwenye paji, umbo lake si la kichwa chako, jaribu ya aina nyingine. Chukua ya magari, maana ya pikipiki haikutengenezwa kwa moto wala kwa mabomba ya chuma yanayomkinga dereva ndani ya gari. Tazama nembo ya viwango na mwaka ndani yake, na uwaulize viongozi wenu wanakubali nembo ipi kabla hujafika dukani. Usinunue iliyotumika, hujui ilikogongwa. Ikishagonga mara moja kwa nguvu, imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa. Na kisu kikae kwenye makochi.

Nakuona unavyowaza: nitamtazamaje mwalimu, nitaenda vipi uwanjani. Utaenda, na Jumapili hiyo hutakimbia. Utasimama karibu na mshika bendera, na kila anayefika utamfungulia helmeti umuoneshe ile nyeupe iko wapi. Hakuna mtu pale anayeijua kwa mkono kama wewe.

Yote haya yalianza kwa sentimita chache ulizoona haya kupimwa mbele ya wateja wawili ambao leo hawakukumbuki. Kwa hiyo ukishamaliza na watu, rudi kwenye duka lile. Mtafute dada yule yule, mchana, foleni ikiwa ndefu. Kaa kitini, inamisha kichwa, mwache azungushe utepe wake. Na akikuuliza aandike ngapi, hiyo namba ambayo hata mimi umenificha, itaje kwa sauti.