Beringi Iliyong'aa

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Leo nimepewa mwanafunzi. Mimi! Mimi ambaye walimu wa Birmingham walinichoka nikiwa na miaka kumi na tano.

Mwenyewe ni Mwalimu Damien. Miaka arobaini na saba, alifundisha fizikia Bukavu, spana anaishika kama chaki. Nimemwambia hapa gerejini Saltley diploma ni kucha nyeusi, na mimi aniite Fundi. Akaitika: "Ndiyo, Fundi." Tamu kuliko soda.

Nikamtuma gereji ya jirani na ndoo, akaombe kilo mbili za upepo wa matairi. Akaenda. Akarudi na ndoo tupu, akasema mbele ya wote kwamba jirani ameishiwa, uliobaki wote ninao mimi mdomoni. Gereji nzima ikacheka hadi kikohozi.

Sawa, Profesa. Utaona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kazi ya leo: gari la Maman Annonciata, dizeli, viti saba, ndilo linalobeba kwaya ya kanisa la Mama yangu. Mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, umefikia umri wake.

Bosi wetu, Mzee Jagjit, ni Singasinga wa Kisumu, na ana sheria mbili. Ya kwanza: mkanda haubadilishwi peke yake. Beringi inayoukaza na pampu ya maji navyo vinatoka. "Hizi vyuma zimetembea pamoja, zitoke pamoja," ndivyo anavyosema kila siku. Beringi ya zamani ikikwama barabarani, mkanda mpya unakatika, injini inajivunja yenyewe. Sheria ya pili: cha zamani kinasafishwa kwa petroli hadi king'ae, kinalala kwenye boksi la kipya, utepe wa gundi juu, kinawekwa kwenye buti. Mteja aone alichotolewa.

Mwalimu akasafisha. Akapanga juu ya kitambaa, za zamani kushoto, mpya kulia, kama karatasi za mtihani. Beringi mbili, zote zinang'aa. Mimi nikazizungusha mbele ya macho yake kama mcheza karata. Profesa, ipi mpya? Akainama kuangalia. Sikumpa nafasi, nikanyakua moja nikaifunga. Kazi nzima nimeimaliza kwa muda wa saa tatu na nusu! Nani mwingine Saltley?

Akasema polepole, "Fundi, ngoja kwanza niizungushe kwa kidole, nisikilize."

Nikamwambia afunge boksi, na mdomo pia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku kubwa. Nimemtoa Profesa.

Asubuhi Mwalimu akamfuata Mzee, eti gari lina mlio mwembamba upande wa mkanda, lifunguliwe tena. Mzee masikio yake yamekwisha kwa miaka ya nyundo, akaniuliza mimi. Nikasema ni mkanda mpya, utazoea. Angenyamaza hapo yangekwisha. Hakunyamaza. Alitaka kufungua mwenyewe, mbele ya Maman Annonciata aliyekuja kuchukua funguo!

Basi nikamvuta Mzee pembeni. Nikamwambia huyu anapita kanisani akisema gereji yetu inarudisha vyuma vya zamani. Uongo mtupu, umetoka mzima kama yai. Mzee alibadilika rangi. Jina la gereji ndilo sala yake. Hakumuuliza hata swali moja, alimwonyesha mlango tu.

Mwalimu akavua ovaroli, akaikunja vizuri kabisa, mikono yake ya nguo ikiwa ndani. Nikamkumbusha asisahau ndoo yake ya upepo. Hakuna aliyecheka. Wana wivu.

Gari likaondoka. Kamlio kadogo. Kadogo sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Maman Annonciata amekuja kwetu Ladywood kurudisha sufuria ya Mama. Akaleta na boksi, nimwonyeshe Mama kile kifo nilichokitoa garini mwake. Nikakata utepe kwa mbwembwe.

Nikaizungusha kwa kidole.

Kimya. Laini kama ulimi. Ndani bado ina grisi ya kiwandani.

Mpya.

Mama akauliza ndiyo hii iliyokuwa mbovu? Nikasema ndiyo, Mama, imekufa hii, tazama. Wote wawili wakaibariki mikono yangu. Mama akaibusu! Nikaitia beringi mfukoni.

Jumatatu nitaliita gari, niseme ni ukaguzi wa bure. Nitaibadilisha, hakuna atakayejua. Siku moja haiui mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeamka nyumba tupu. Kumbe kwaya inaimba Manchester leo. Mama aliniambia juzi, mimi nilikuwa na muziki masikioni.

Wamepita M6, barabara ya mwendo kasi. Saba ndani ya gari. Mama mbele, daima anakaa mbele, tumbo linamsumbua.

Nimepiga simu ya Mama. Imelia jikoni, iko kwenye chaji.

Maman Annonciata mara sita. Akiendesha, simu anaifungia kwenye pochi, anasema shetani hukaa humo.

Kanisani hakuna anayepokea, ibada imeanza. Wanakwaya wengine sina namba zao. Nabintu yumo garini na simu yake haitoki mkononi. Nabintu ni mke wa Mwalimu. Namba yake anayo mumewe peke yake.

Nimekaa dakika kumi. Nimeandika haya ili nisipige.

Nimepiga. Akapokea kwenye mlio wa kwanza. Nikasikia redio, na maji yakichemka.

"Ndiyo, Fundi," akasema. Vilevile kama Jumatano.

Nikakata.

Beringi iko mezani hapa. Naizungusha, inazunguka, haina sauti hata kidogo. Sasa anapiga yeye. Mara ya pili. Mara ya tatu, na simu inatetemeka inasogea kuelekea beringi. Naweka kalamu, napokea.