Plau kwenye Viboksi vya Rangi

Jumatatu, 7 Julai 2025
Saba Saba. Baridi kali! Angela yuko likizo, anashinda na sweta la baba yake. Sijalifua. Bado lina harufu yake kidogo.

Ana mashindano ya chuo: kufundisha kompyuta mafumbo ya picha. Viboksi vya rangi, kabla na baada. Unatazama mifano miwili mitatu, unagundua kilichofanyika, unakifanya kwenye picha mpya. Kanipa na mimi nijaribu, kwenye daftari la hesabu na penseli za rangi. Nimependa mno! Mahindi ya kupukuchua yamenisubiri hadi mchana. Jirani Marsela kapita: eti Mama Angela, umerudi chekechea? Nikamwambia ndiyo, na uji tunapewa.

Jumanne, 8 Julai
Nimeuliza kompyuta inajuaje. Angela kasema ameitungia lugha ndogo ya maneno machache: hamisha, geuza, jaza, paka. Hayo tu. Inayaunganisha hivi na vile mpaka picha yake ifanane na mifano.

Nikacheka — kama maksai wa marehemu mume wangu! Qamara alishika plau akawaambia twende, geuka, simama, na shamba lote likalimika. Kisha kila wakifika ukingoni aliwashukuru: "Ahsanteni, wazee." Nilidhani Angela atacheka. Kasema, mama, ndiyo hivyo hivyo.

Jumatano, 9 Julai
Siku mbaya. Nilimsomea majibu yangu, rangi kwa rangi, ayalinganishe na ya mashine. Karibu yote yamekataa kulingana. Anaogopa mashine ina kosa, na kazi inatumwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Watakaofanya vizuri wanapelekwa mafunzo Dar. Ametafuta kosa mpaka chai imepoa. Nimeipasha moto, ikapoa tena.

Alhamisi, 10 Julai
Kosa ni langu!

Leo Angela kanitazama kidole nikisoma. Mstari wa kwanza, kushoto kwenda kulia. Nikifika mwisho nashuka, naanza kurudi kulia kwenda kushoto. Mama, unafanya nini? Nikasema nasoma. Kasema hapana, unalima!

Tumecheka mpaka Marsela kaja kuuliza kuna nini. Ni kweli — nani amalize mstari halafu awaburute ng'ombe bure mpaka upande wa pili ndiyo aanze tena?

Ghafla Angela akaivuta kompyuta. Kuna fumbo lililomshinda tangu chuoni, la uzi mwekundu unaojaza picha. Mashine yake kila mstari inaanzia kushoto. Uzi ule unakwenda, unashuka, unarudi. Ameongeza neno jipya kwenye lugha yake: plau.

Ijumaa, 11 Julai
Si rahisi hivyo. Neno likiongezeka, mashine ina mengi zaidi ya kujaribu. Inakwenda taratibu mno. Isipolimaliza fumbo la uzi kwa wakati, itabidi plau itolewe, itumwe kazi ya zamani. Angela ameiagiza ikipata jibu iandike "Ahsanteni, wazee." Nilitoka nje kidogo, nikarudi.

Umeme ulikatika mchana. Umerudi, namshukuru Mungu.

Marsela yupo, kajifunga blanketi. Anauliza hiyo mashine haina kiboko? Angela kasema haichapwi, shangazi. Nikasema na Qamara hakuwa anachapa. Hata siku moja.

Naandika huku natazama. Imejaribu kwa geuza, imefuta. Kwa jaza, imefuta. Sasa nyekundu inatembea kwenda kulia. Imefika ukingoni. Imesimama. Angela kasema mama, usipumue.

Imeshuka kiboksi kimoja — imegeuka! Inarudi!

Saa kumi na mbili inakaribia. Mistari miwili imebaki. Marsela anasema twende, twende, kwa sauti ya chini, kama vile ng'ombe wako mbele yake. Angela ameuma mkono wa sweta. Maneno ya Qamara bado hayajatokea. Nimepakodolea macho mahali yatakapokaa —